Kiko cha Gunzi kwenye Mizani ya Dhahabu

Mama yangu alianza kuvuta kiko kabla sijazaliwa, na sijawahi kumwona amekishika mkononi. Mikono yake ina kazi: kuchambua pamba, kupepeta mtama, kusuka mikeka, na enzi zile kunichapa mimi. Kiko hukaa pembeni mwa mdomo, kimebanwa kwa meno, moshi ukijipandia. Kwa hiyo aliponipigia simu kutoka kijijini kwetu Kishapu na kusema kile cha udongo kinamwelemea, kimemponyoka mara tatu, na mara ya mwisho kaa limeangukia pamba nusura nyumba iwake, nilielewa uzito wa jambo. Alitaka kiko chepesi, cha kukaa mdomoni chenyewe. Dada yangu alishauri aache tumbaku. Dada yangu ana ushauri kwa kila mtu isipokuwa mume wake.

Mimi ni dalali wa ng'ombe hapa Kahama. Kumchagulia mtu kitu ndiyo riziki yangu, basi nikaenda duka la vikorokoro karibu na stendi kifua mbele.

Muuzaji alinitolea vitatu. Cha kwanza cha mpingo, ungeweza kumpiga nacho mwizi akalala. Cha pili kilikuwa na pete za shaba, akakisifia kuwa ni cha wazee wa heshima. Cha tatu akakitoa ndani ya kiboksi chenye kitambaa, akashusha sauti: kimetoka ng'ambo, kimetengenezwa kwa gunzi. Gunzi la mahindi, jamani, anamuuzia Msukuma. Kwetu magunzi tunawashia moto, na kabla karatasi hazijafika tulikuwa na matumizi mengine nayo ambayo sitayataja hapa.

Mtu mwenye akili angekiweka mdomoni akajua. Lakini mji huu umelewa dhahabu, na sisi wakazi wake hatuamini kitu mpaka kimepanda kwenye mizani. Nikavibeba vyote vitatu, muuzaji akinifuata nyuma nisije nikatoroka navyo, hadi kwa rafiki yangu anayenunua dhahabu. Akavipima kimoja kimoja kwenye ile mizani yake ya kioo, uso umekazwa kama yuko kazini. Wachimbaji wawili waliokuwa wakisubiri zamu yao wakasogea.

"Mzee, hicho kina mali ndani?" mmoja akauliza.

"Natafuta chepesi. Ni cha mama yangu."

"Haya. Kumbe siku hizi na tumbaku inavutwa kwa pointi, kama dhahabu."

Wakacheka. Nikawaona washamba. Gunzi lilishinda kwa mbali, nikalinunua, nikapanda basi la kwenda Mhunze, kule kwetu Kishapu. Sikuwa nimekanyaga nyumbani tangu mavuno ya mwaka juzi.

Nilimkuta amekaa uani na rundo la pamba mbele yake.

"Shikamoo, mayu."

"Marahaba." Akakipokea kiko, akakigeuza. "Umenunua gunzi?"

"La ng'ambo hilo."

"Wabeja," akasema, shukrani ya adabu tu.

Akajaza tumbaku, akawasha, akakiweka pembe ya kushoto ya mdomo, akarudisha mikono kwenye pamba. Kikaanguka. Akakizoa haraka, akapangusa majivu kwenye kanga, akakirudisha. Kikaanguka tena. Hapo nikaanza kumhubiria: hakuna chepesi kuliko hicho, kimepimwa kwa mizani ya dhahabu, tatizo ni namna anavyokibana. Nikamwelekeza akibane kwa jino la juu.

"Lipi?" akauliza.

Akafungua mdomo. Upande wa kushoto hapakuwa na jino, juu wala chini. Kulia lilibaki moja, nalo alilisukuma kwa ulimi nikaliona likicheza.

"Ng'ombe wa watu unawafungua midomo kila mnada," alisema, wala hakukasirika. "Mimi unanisikia kwenye simu."

Niliona aibu, na sina namna ya kuiremba. Nilikuwa nimemnunulia kiko mama mwenye meno, yule niliyemwacha zamani.

Yeye hakuwa na muda wa aibu yangu. Aliniamuru nikate mrija, ulikuwa mrefu mno na ndio uliokuwa ukikivuta chini, kisha nizungushie ncha yake kipande cha mpira wa baiskeli ili ufizi upate pa kushika. Nikafanya. Akakiweka mdomoni, akainama kwenye pamba, mikono yote miwili ikienda mbio. Kilikaa. Nikamtazama akivuta, mashavu yamebonyea kuliko nilivyoyakumbuka, na swali likanijia nililoogopa kuliuliza.

"Mayu, ile nyama kavu ninayokutumia na basi kila mwezi, unaitafunaje?"

"Jirani wana meno," akasema, akavuta fungu jingine la pamba.