Santuri Iliyoimba Mbio

Enzi zetu, muziki ulibebwa kwa mikono miwili. Santuri ilitolewa kwenye jalada lake polepole, ikashikwa ukingoni kwa viganja, na mtoto aliyekuwa karibu aliambiwa arudi nyuma na aache kupumua hovyo. Leo namwona kijana anagusa simu kwa kidole chenye mafuta ya chipsi na wimbo unatoka hapo hapo. Nafurahi naye, lakini moyoni namhurumia kidogo.

Kwetu ni Old Moshi, kule juu, ambako ukungu hukaa kwenye migomba mpaka watoto wafike shuleni. Wa rika langu sihitaji kuwaeleza mengi. Mnakumbuka kwenda shule na kuni kwapani na kidumu cha maji mkononi. Mnakumbuka kucheza rede mpaka sketi ipasuke, na harufu ya kahawa iliyomenywa ikivunda kwenye pipa, na mtori wa ndizi wa jioni ulioungua kidogo chini ya sufuria, mkagombania ukoko. Wali wa mchele wa Mabogini ulikuwa wa Jumapili, na si kila Jumapili.

Nilikuwa darasa la tatu gramafoni ilipoingia nyumbani. Karani mmoja wa shamba la kahawa alikuwa anahamia mkoa mwingine, Baba akamsaidia kufunga mizigo, naye akamwachia ile mashine kama asante. Ilikuwa kuukuu hata kwa wakati ule: sanduku la kijivu lenye spika kwenye kifuniko, likitumia betri kubwa za tochi. Ndani palikuwa na santuri moja tu, ya muziki wa dansi, jalada lake limetafunwa na mende.

Baba alikuwa mkulima wa kahawa, mtu wa maneno machache, na kumuuliza mtu jambo asilolijua kulimpa shida. Alikaa barazani na ile mashine tangu asubuhi, akifungua hiki na kufunga kile, mpaka sindano ilipogusa santuri na wimbo ukatoka. Tulipiga makofi. Waimbaji walikuwa na sauti nyembamba za vifaranga, na magitaa yalikimbia utadhani yameingiliwa na siafu. Baba akasikiliza kwa makini, kisha akatutangazia kwamba hao ni watoto wa shule fulani ya mjini, na kwamba tuige bidii yao. Mama, aliyekuwa mlangoni na mwiko, akauliza ni watoto gani hao wanaoimba habari za kuachwa na mke. Baba akamjibu kwamba watoto wa mjini wanajua mambo mengi.

Basi kila Jumamosi mchana, kazi za shamba zikiisha, Baba alitoa mashine barazani, nasi tukacheza kwa mwendo ule ule wa siafu. Betri zikipungua nguvu, sauti zilianza kuwa nzito, na Baba alisema watoto wamechoka, wapumzishwe. Tulizianika betri juani kwenye kichanja, kando ya kahawa. Zikishindwa kabisa, Baba aliagiza nyingine kwa watu waliokwenda Himo, tukangoja.

Sasa, ng'ambo ya mfongo, yaani ule mfereji uliotuletea maji kutoka mlimani, aliishi Mzee Elinami. Alikuwa amefanya kazi reli huko Tanga, akarudi kihambani kwake, kwenye shamba la migomba la ukoo, alipostaafu. Binti yake wa mwisho, Ndeshi, ndiye aliyekuwa mwenzangu wa rede na wa njia ya shule. Lakini Baba na Mzee Elinami walikuwa hawasemezani. Waligombania zamu ya maji ya Jumamosi, kila mmoja akiamini ni yake, na siku moja walikutana penye mfongo, kila mtu na jembe lake. Hawakupigana. Walitoleana maneno mbele yetu watoto, na maneno yale yaliwaumiza kuliko kama wangepigana. Tangu hapo kanisani mmoja aliketi kulia na mwingine kushoto. Wazee wa mfongo walijaribu kuwapatanisha wakachoka. Mimi na Ndeshi tulikatazwa kuvuka. Tukawa tunapita njia moja kwenda shule, mmoja mbele, mwingine nyuma, kimya. Mama zetu tu ndio waliendelea kusalimiana sokoni Kiboriloni, na hata wao walisalimiana harakaharaka.

Tusichokijua ni kwamba Mzee Elinami alirudi kutoka Tanga na sanduku zima la santuri. Gramafoni yake ilianguka wakati wa kuhama na haikuamka tena, lakini santuri alizitunza. Na mojawapo ilikuwa ile ile ya kwetu. Ndeshi alinisimulia baadaye jinsi baba yake alivyoteseka kila Jumamosi. Wimbo ulipoanza kusikika kupitia migombani aliinuka, akaenda zizini, akarudi, akavuta kofia mpaka masikioni. Mkewe alimwambia aende tu akaseme. Akajibu kwamba yeye kwa yule mtu hakanyagi.

Jumamosi moja alikanyaga. Tulikuwa tunacheza uani tulipomwona anatokea kwenye migomba, kofia kichwani, uso umekunjwa. Kwetu anayetaka msamaha huja na jani la sale mkononi. Yeye hakuja na sale wala kitu chochote. Tukamwamkia shikamoo kwa hofu, akaitikia marahaba bila kututazama, akaenda kusimama mbele ya Baba.

"Baba Manka," alisema taratibu, "huyu mtu unamkimbiza aende wapi?"

Manka ni mimi. Wimbo uliendelea kukimbia katikati yao.

"Ndivyo anavyoimba," Baba akasema.

"Sivyo. Huyu ni mtu mzima, mkewe amemwacha, analia. Mtu hawezi kulia kwa mwendo huo."

Nilitaka kucheka nikajizuia. Mkono wa Baba ulikuwa juu ya kifuniko, na nilijua akikifunga, basi, hakuna atakayevuka tena, na Ndeshi nimempoteza moja kwa moja. Mama akatoka ndani na kigoda, akakiweka karibu na mashine, akasema, "Karibu, Baba Ndeshi," akarudi jikoni kwake. Baba alikitazama kile kigoda. Mtu aliyewekewa kiti hafukuzwi. Akasogeza miguu yake kumpa nafasi.

"Haya," akasema. "Nionyeshe."

Katika maneno yote niliyomsikia Baba akisema maishani mwake, hilo ndilo ninalomheshimia kuliko yote. Najua lilimgharimu.

Mzee Elinami akaketi. Akainua mkono wa sindano kwa kidole kimoja, akasukuma kijiti kidogo chenye namba za mwendo, ambacho Baba alidhani ni pambo, kisha akaishusha sindano polepole. Ikatoka sauti nene ya mwanaume, imetulia, yenye huzuni. Magitaa yakaachana, ukasikia hili linauliza na lile linajibu. Nyuma yao palikuwa na ngoma ambayo hatukuwahi kujua kwamba ipo. Sote tulisimama tulipokuwa. Hata Mama alitoka tena.

"Kumbe ni mtu mzima," Baba akasema kwa sauti ya chini.

Wakatazamana, na hapo ndipo walipocheka, Mzee Elinami mpaka akavua kofia.

Mchana ule alimfundisha yote, nasi tukifundishika pembeni. Aliomba bakuli la maji, akaliweka juu ya mashine kuona maji yanalalia upande gani, akatia kibanzi cha mti chini ya kona moja mpaka yakatulia sawa. Santuri, alisema, inafutwa kwa kitambaa laini kwa kufuata mistari yake, si kwa kukatisha. Isiachwe juani, itajikunja. Sindano haiguswi kwa kidole, vumbi linapulizwa. Baba aliitikia kila neno kwa kichwa. Habari za maji ya mfongo hakuna aliyezigusa.

Jumamosi iliyofuata alikuja na santuri zake zimefungwa kwenye blanketi, na nyuma yake Ndeshi. Tulisimama tukitazamana kidogo, kisha tukakimbilia uani. Zikapita Jumamosi kadhaa hivyo. Siku moja Baba, huku anafuta santuri, alisema kwamba maji ya wiki hii yaanzie kwa Baba Ndeshi, migomba yake ina kiu. Mwenzake akajibu kwamba basi wiki ijayo yataanzia huku. Wakaendelea kusikiliza. Jambo lililowashinda wazee wa mfongo lilikwisha hivyo.

Wote wawili wametangulia. Mimi naishi Moshi mjini, na binti yangu amenunua gramafoni ya zamani kwa muuza mitumba, maana eti santuri ndiyo fasheni mpya. Anazungumza habari zake utadhani zimebuniwa juzi. Aliangalia mafundisho kwenye simu wiki nzima, akaagiza brashi maalumu, kisha akanijia: "Mama, nianzie wapi? Naogopa kuiharibu." Nikamwonyesha. Nilimwangalia akifuta kwa kufuata mistari, ulimi nje kidogo, akashusha sindano polepole, nikaona ana mkono mzuri kuliko wangu. Vijana hawa tunawacheka, lakini wakipenda kitu wanakipenda kweli.

Wimbo ulipoanza akaenda kufunga dirisha. Alisema tusiwasumbue majirani wa ng'ambo ya ukuta. Nikamuuliza wanaitwa nani. Akafikiri, akacheka kwa aibu. Hata mimi sikuwajua. Nikamwambia aliache wazi.

Tukakaa. Nilisikiliza santuri kwa sikio moja, na kwa jingine nikasikiliza geti, labda kuna atakayevuka, mpaka upande wa kwanza ukaisha. Hakuna aliyegonga, wala kuja kulalamika. Binti yangu akaigeuza santuri upande wa pili.