Matairi ya Kuazimana

Miaka ya hamsini nilikuwa na gari kuukuu la kubebea mboga kutoka Ruiru hadi Thika, matairi yake yameisha mpaka nyuzi zinachungulia. Lakini sisi wenye magari mabovu tulikuwa na seti moja ya matairi mazuri. Aliyeitwa kukaguliwa aliyafunga, akapita, kisha akayapeleka kwa mwenzake.

Zamu yangu ilipofika, mkaguzi, mzungu mwenye tumbo na kiburi, alikodolea macho tairi lenye doa la rangi nyekundu.

"Hili nimelipitisha mara sita mwezi huu," akasema.

"Basi, bwana, unajua ni zima."

Akapiga muhuri kwa hasira.

Jumamosi akaja kwangu, kofia mkononi, sauti ya upole: gari lake mwenyewe, la aina ileile, lingekaguliwa Jumatatu.

Nikamwambia apange foleni.