Mtoto Aliyelia Mbele ya Kamera

Nimepiga picha Buruburu miaka mingi: za pasipoti, za harusi, za watoto wanaohitimu. Jirani yangu wa kule Tassia ninakoishi, mwanamke anayeshona nguo kiwandani, ndiye aliyenipeleka mlimani kwao. Mama yake alikuwa amezeeka bila kuwahi kupigwa picha pamoja na jamaa zake.

Gari lilituacha barabara ilipoishia. Tukapanda kwa miguu tangu asubuhi hadi jua la utosi. Mama alikuwa ameshavaa gauni lake la kanisani. Nikamkalisha kitini mbele ya nyumba, mwanawe wa kiume na mkewe wakasimama nyuma yake, wajukuu watatu pembeni. Mdogo wao, msichana wa miaka miwili hivi, aliponiona nimeinua kamera akaangua kilio. Tukambembeleza, tukampa kiazi, wapi!

Mawingu yalikuwa yanashuka, nami niliogopa giza lisitukute bado tunabembelezana.

"Hebu mtoeni kidogo," nikasema. "Ataharibu picha. Nitampiga yake baadaye."

Jirani yangu akambeba, akaenda naye nyuma ya nyumba. Nikapiga. Picha ilitoka safi sana. Kisha mvua ikaja, tukaingia ndani kula, na hiyo baadaye haikufika.

Msimu wa mvua uliofuata, mlima uliporomoka alfajiri ukafukia chumba walimolala yule mke na binti yake mdogo. Hawakutoka hai.

Jirani alinijia studio akiwa bado na aproni ya kiwandani.

"Nitafutie picha ya mtoto, jirani. Ya karatasi ya mazishi."

Sura ya mama mtu niliikata kutoka kwenye ile picha ya pamoja. Ya mtoto sikuiona. Nilifungua kila nilichopiga siku ile.

"Hayuko," nikasema.

"Angalia tena."

Nikaangalia tena, yeye amesimama nyuma yangu, namsikia anavyopumua.

"Mimi ndiye niliyesema atolewe," nikamwambia.

"Na mimi ndiye niliyembeba. Tulipofika kule nyuma alinyamaza. Hata akacheka."

Akakaa kwenye kiti cha wateja, akalia mpaka aproni ikalowa.

Karatasi ilichapishwa na sura moja na majina mawili. Nilipanda tena mlimani kwenda kuwazika. Kaka yake jirani alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akanishukuru kwa picha ya mkewe. Nikashindwa kumtazama usoni.