Lebo Iliyolala Jikoni

Walimwita Kinyozi, ingawa mashine ya kunyolea aliiweka chini zamani. Siku hizi alikuwa fundi wa nembo, mabango na lebo, lakini kiti chake cha kunyolea na kioo kikubwa vilibaki palepale kando ya kompyuta. Mwanafunzi wake, mama mmoja ambaye biashara yake ya mitumba ilikuwa imekufa, alikalishwa kwenye kiti hicho aitazame kazi yake kiooni, kinyumenyume.

"Kioo hakikuonei haya, dada," alisema Kinyozi. "Shemeji zako ndio watakusifu."

Sharti lake lingine lilikuwa la ajabu zaidi: kazi haiendi kwa mpiga chapa kabla haijalala nyumbani kwa aliyeichora.

Safari hii ilikuwa lebo ya sumu ya panya, ile ya maji. Mama alipaka rangi ya chungwa lililoiva, akaongeza matone yanayong'aa mpaka mwenyewe akameza mate. Kinyozi aliitazama kiooni, akakuna kidevu. Akaibandika kwenye chupa, akampa.

"Kaiweke jikoni. Uishi nayo."

Ndani ya chupa kulikuwa na maji ya rangi. Mama alitaka kuuliza ni nini, lakini alikuwa ameuliza mengi tangu asubuhi. Akaitia mkobani.

Nyumbani aliificha nyuma ya kopo la unga, akatoka uani kuanua nguo. Aliporudi, binti yake mdogo alikuwa ameketi sakafuni, chupa katikati ya magoti, kidevu kimelowa.

"Mama, juisi yako haina sukari."

Alimnyakua mtoto kwa mkono mmoja na chupa kwa mwingine, akatoka mbio peku, shuka aliloanua likiburuzika begani. Njia ya zahanati ilipita mlangoni kwa Kinyozi.

"Umenipa nini? Umenipa nini wewe!"

Kinyozi alichomoka ndani. "Maji! Maji na rangi ya keki, nimeyatia mwenyewe!"

"Kunywa!"

Akanywa, akamaliza. Hata hivyo mama hakusimama. Muuguzi alimkalisha mtoto kwenye benchi mpaka jioni, akimwangalia macho na ulimi. Mtoto hakuwa na neno, ila njaa.

Kesho yake alirudi, akasimama mlangoni.

"Ungeniambia."

"Nilitaka uione rafuni, ushtuke mwenyewe inavyofanana na juisi," alisema Kinyozi, macho chini. "Mtoto sikumfikiria. Nisamehe, dada."

"Mimi mamake sikumfikiria nilipochora. Sembuse wewe."

Akavuta kiti cha kompyuta. Kila alipogusa rangi alikiona kile kidevu kilicholowa. Matone yakaondoka, chungwa likaondoka. Akabaki na weusi, na panya chali, miguu juu, meno nje.

Alimleta binti yake, akampakata kwenye kiti cha kunyolea, wakatazama kiooni. Mtoto alificha uso shingoni mwa mama.

"Hiyo sitaki."

"Basi imeiva!" Kinyozi akanyoosha mkono aichukue. "Naipeleka kwa mpiga chapa."

"Bado haijalala," alisema mama.

Akachukua chupa nyingine, akaigeuza juu chini, akaitikisa, akaitikisa tena. Halikudondoka hata tone. Ndipo akaibandika lebo.