Hesabu ya Punda wa Shangazi

Shangazi yangu wa Bura alikuwa na punda jike mwenye miguu ya milia. Mama yake alikuwa punda wa kubeba maji. Baba, kila mtu alijua, ni punda milia aliyekuja kunywa kwenye silanga, bwawa la maji ya mvua, wakati wa ukame. Watu walicheka. Shangazi hakucheka. Alikuwa ameolewa miaka mingi bila mtoto, akajiambia kwamba siku huyu akizaa, naye atazaa. Maji ya tahlili, yaliyosomewa Kurani na sheikh, aliyagawa mara mbili: nusu yake, nusu ya punda.

Likizo iliyopita nilimkuta amekonda. Mumewe alikuwa amesema atangoja mvua za vuli tu, kisha amrudishe kwao.

"Eddo," aliniita, maana kwetu shangazi na mtoto wa nduguye huitana hivyo hivyo, "wewe unafundisha baolojia huko Garissa. Mbona huyu hazai?"

Kufundisha nafundisha, na tangu siku ile somo hilo nalichukia. Nikamchorea vijistari mchangani: kromosomu, nyuzi ndogo tunazorithi. Punda ana sitini na mbili, punda milia arobaini na nne. Kila mzazi hutoa nusu, kwa hiyo huyu alipata hamsini na tatu. Seli ikitaka kutengeneza yai, lazima kila kromosomu ipate mwenzake kwanza, ndipo zigawane nusu kwa nusu. Zake hazipatani, kama viatu mlangoni mwa msikiti baada ya watu kutoka kwa haraka.

"Kumbe hana kosa," alisema, akimpapasa shingo. "Maskini, na wanavyomsema! Na mimi ninazo ngapi?"

"Arobaini na sita."

"Zinagawika?"

"Zinagawika, eddo."

"Na za mume wangu?"

"Ni hizo hizo."

Nilimwambia zipo sababu nyingine chungu nzima, na kwamba huenda kasoro ni ya mumewe, ambaye hospitali hakanyagi hata ukimburuta. Akatikisa kichwa kwa upole, kama mtu anayemsikiliza mtoto. Niliionea aibu elimu yangu, inayojua shida ya punda na isiyojua ya shangazi.

Akaingia ndani, akarudi na chupa ya tahlili. Akajimiminia nusu yake, akanywa. Akamtazama punda kwa muda, kisha akainywa na ile nusu nyingine.