Nilikaa Upande wa Pili wa Shuka

Asubuhi ya leo uji umeungua tena. Binti yangu alikuwa barazani, miguu kaikunja, anachora kwenye kile kibao chake cha umeme kwa kalamu isiyo na wino. Mimi nipo uani nafua nepi za mtoto wake, na mtoto mwenyewe nimembeba mgongoni. Harufu ikanifikia. Nikaita, "Uji, wewe." Akajibu bila kuinua kichwa, "Dakika moja, mama."

Mwenzangu, sikukasirika kwa sababu ya uji. Unga upo. Nilikasirika kwa sababu harufu ile naijua. Uji wa muhogo ukishika chini ya sufuria una harufu yake, na mimi nimekulia ndani ya harufu hiyo, hapa hapa Rasbura, mjini Lindi, mtoto wa mtu mgongoni, mchoraji barazani. Nimebeba watoto wa wachoraji mara mbili katika maisha haya, na hakuna aliyeniuliza kama mgongo unauma.

Usinielewe vibaya. Najivunia. Binti yangu anachora picha za vitabu vya watoto. Kuna kitabu chenye kuku aliyejifunga kilemba, watoto wanakililia kweli, na yule kuku ametoka mkononi mwa mtu niliyemzaa mimi. Nikikutana na mtu sokoni namwambia hata kama hajaniuliza. Amekuja kwangu miezi hii mitatu ili amalizie kitabu kingine, maana huko kwake, anasema, mtoto hamwachii nafasi. Basi nafasi ameipata. Mtoto nimempata mimi.

Lakini mchoraji wa kwanza wa nyumba hii hakuwa yeye. Alikuwa mama yangu, na hakuna kitabu kilichobeba hata nukta moja ya mama yangu.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Kabla ya hapo kitambaa kilikuwa cha foleni, unapanga mstari kwenye duka la ushirika, ukifika mbele unaambiwa kimekwisha. Halafu biashara ikafunguliwa, na hapa Lindi yakaanza kuingia majora ya bafta nyeupe, nyuzi za kila rangi, sindano za kuchagua. Kila mama mwenye binti wa kuolewa akataka mashuka ya kudarizi. Maua kwenye pindo, tausi katikati, foronya zimeandikwa Lala Salama. Kudarizi wengi walijua. Lakini huwezi kudarizi kwenye kitambaa kitupu, lazima kwanza mtu akuchoree ua ndipo sindano ifuate. Mtu huyo alikuwa mama. Walikuja kutoka Nyangamara mpaka Kilwa, wamebeba bafta vichwani, "Hodi, mama mchoraji."

Alichorea bluu ya kufulia. Aliisaga kwenye kifuu, akaitia maji kidogo, akachukua njiti ya chelewa aliyoitoa kwenye fagio, akaitafuna ncha mpaka ikawa kama brashi. Midomo yake ilikuwa ya bluu siku zote, watoto wenzangu walinicheka kwamba mama yangu anakula wino. Uzuri wa bluu ni kwamba shuka likishadariziwa unalifua, bluu inaondoka na maji, unabaki uzi mtupu. Na ubaya wake ni huo huo.

Bafta haichoreki ikiwa imelegea. Lazima ivutwe. Mama alikaa upande mmoja, amebana pindo kwa magoti, na mimi nikakaa upande wa pili, nimeshika ncha mbili kwa mikono, mdogo wangu wa kiume, bado mchanga, nimembeba mbelekoni. Nikilegeza kidogo, mstari unapinda. "Shika, mwanangu. Vuta. Sivyo, unavuta kama unamvuta mbuzi." Mikono ilikufa ganzi. Mbaya zaidi haikuwa kuchora, ilikuwa kusubiri. Mama hakuchora upesi. Alikaa na njiti hewani, macho yameganda kwenye kitambaa, huku uji unachemka, unapanda, unamwagika, unaungua. Nikimwambia, anasema, "Uache uungue. Anakuja." Anakuja nani? Tausi. Mama yangu hakuwahi kuona tausi maisha yake yote. Alimtunga kutokana na jogoo wa jirani, mkia akauchukua kwenye ua la mkorosho na magamba ya samaki, na macho ya kwenye manyoya, aliniambia mwenyewe, aliyachukua kwangu, siku niliyokuwa na homa.

Baba, shamba la mkonge lilipomwachisha kazi, alirudi Nyangamara kulima ufuta, akawa anakuja na kuondoka. Akija na gunia lake la mihogo anakuta jiko limezima na sisi tumetandaza bafta barazani, hata pa kupita hakuna. Alisimama pale na gunia begani, anauliza, "Hivi mimi nimeoa mke au nimeoa kitambaa?"

Mama anamjibu, "Umeoa vyote viwili. Ruka hapo kwenye pindo, usikanyage."

Na alikuwa anaruka, maskini. Mwanamume mzima na gunia lake, anaruka maua.

Na jirani yetu, huyo ndiye aliyedarizi mashuka mengi ya mama. Mkono wake ulikuwa mwepesi, mdomo mwepesi zaidi. Walipendana kwa matusi. Alichukua shuka lililochorwa, akaligeuza mwangani, akasema, "Shoga, kazi yako wewe ni kuchafua kitambaa. Mimi ndiye ninayekisafisha."

"Basi kashone kitambaa kitupu, tukuone."

Walicheka mpaka wakashikana mabega. Lakini harusini, shuka likianikwa watu walione, aliyesifiwa ni jirani. Mchoro ulikuwa umekwenda na maji ya kufulia. Mama alisimama nyuma ya wanawake wenzake na midomo yake ya bluu, anasikiliza mwenzake anavyopigiwa vigelegele, na yeye anapiga pamoja nao.

Sasa nikwambie la shule.

Nilikuwa darasa la tano. Nilipenda shule, sitaki mtu aniambie sikupenda. Kengele yetu ilikuwa rimu ya gari iliyoning'inizwa, inagongwa kwa chuma, na kutoka barazani kwetu niliisikia vizuri. Niliisikia nimeshika pindo. Jumatatu sikwenda, Jumatano sikwenda, wiki ya tausi sikwenda kabisa. Mwalimu wa darasa akaja mwenyewe mpaka kisimani, akanikuta, akaniambia, "Jumatatu uje na mama yako. Usipokuja naye nalikata jina lako kwenye daftari, na nikilikata nimelikata."

Nikamwambia mama. Akaitoa njiti mdomoni. "Jumatatu nitakwenda. Nikilimaliza hili."

Hili lilikuwa shuka kubwa la bibi harusi mmoja wa Kilwa Kivinje, tausi wawili wanatazamana. Jirani yetu alikuwa aende nalo huko Jumatatu, adarizi pamoja na shangazi za bibi harusi. Lori la Kilwa siku zile halikutoka kila siku, barabara ilikuwa tope, likikupita umekaa wiki. Lilikuwa liondoke Jumatatu adhuhuri. Mama alipanga vizuri tu: Jumapili shuka limekwisha, Jumatatu asubuhi shuleni na mimi, akirudi anamkabidhi jirani mzigo wake.

Na kweli Jumapili lilikwisha. Akalikunja, akaliweka juu ya mkeka, akaenda kuchota maji. Akaniambia, "Mwangalie mdogo wako."

Mdogo wangu alikuwa mzito. Nilikuwa nimembeba tangu alfajiri. Nje wenzangu wanaruka kamba, nawasikia wanahesabu, na mimi siku nzima sijanyoosha mgongo. Nikamfungua. Nepi yake ilikuwa imelowa, nikamvua. Kisha nikatafuta pa kumweka palipo laini.

Nilimweka juu ya shuka.

Mpaka leo sijui kama nilisahau au nilikusudia. Nimejiuliza miaka yote hii na jibu linabadilika kulingana na siku. Leo uji umeungua, leo nasema nilikusudia.

Niliporudi kutoka kwenye kamba, tausi wawili walikuwa dimbwi moja la bluu. Mtoto amekaa katikati yake, matako ya bluu, anacheka.

Mama akafika na ndoo kichwani. Akaitua, akatazama. Nilingoja kofi. Afadhali lingekuja. Akamwinua mtoto, akalichukua shuka, akalitumbukiza lote ndani ya maji aliyoyachota, akalifua mpaka likawa jeupe kama hakuwahi kuligusa. Akalianika. Jumatatu asubuhi nimeshavaa sare, nimeshanawa uso, nimesimama mlangoni.

"Njoo ushike," akasema.

"Mama, ni Jumatatu."

"Najua ni Jumatatu. Lori ni adhuhuri. Njoo ushike."

Nikakaa upande wa pili na sare yangu. Rimu ikagongwa kule shuleni. Nilihesabu inavyogongwa huku machozi yananitiririka, na sikuweza kuyafuta kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa kwenye pindo. Mama hakuinua macho. Na safari hii hakusubiri. Njiti iligusa kitambaa na tausi akatoka, mguu, kifua, shingo, kama aliyekuwa nyuma ya mlango. Mdogo wangu analia, jirani anapiga kelele kutoka nyumba ya pili, "Shoga, lori linapakia," na mama anachora. Adhuhuri haijafika alikuwa amemaliza.

Na tausi wale wa pili walikuwa wazuri kuliko wa kwanza. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka kesho. Wangekuwa wabaya ningejua la kusema.

Jumatatu iliyofuata alikwenda kwa mwalimu, amevaa kanga yake mpya, amechukua kitambaa cha kufunikia sinia alichokichora, na jirani alikuwa amekidarizi bure kabla ya safari. Mwalimu akasema, "Mama, jina limeshakatwa." Kitambaa alikipokea.

Mimi sikurudi shule tena. Mama hakuomba radhi, wala mimi sikumwomba radhi ya shuka. Tuliishi hivyo, kila mmoja na deni lake, tunakula sahani moja.

Haikupita miaka mingi, yale maduka yaliyoleta bafta yakaleta mashuka yenye maua tayari, ya kiwandani, kutoka huko ng'ambo, rangi kali, bei ya kutupa. Yakaja na ya mitumba, yakamwagwa chini sokoni kama kisamvu. Bibi harusi gani angoje miezi? Hodi zikapungua, zikaisha. Mama alibaki na kifuu chake cha bluu akifulia nguo. Siku moja nilimkuta anachora ua kwa kidole kwenye unga kabla hajausonga. Aliponiona akaufuta.

Amefariki, jirani naye amefariki. Mashuka yamekuwa madekio. Nimetafuta, sina hata foronya. Na hata ningeipata, ningepata mkono wa jirani, si wa mama.

Haya yote nilimwambia binti yangu leo baada ya ule uji, tena kwa ukali. Nilitaka aone aibu. Akanisikiliza, kisha, mchoraji ni mchoraji, akauliza, "Kwani mama, huyo tausi alikuwaje?"

"Nitajuaje? Mimi kazi yangu ilikuwa kushika."

Akanisogezea karatasi na penseli. Nikamwambia aache upuuzi. Akaniacha nayo hapo. Sijui nini kilinipata, mtoto yuko mgongoni amelala, nikaishika penseli. Nikaanza na miguu, juu kabisa. Kisha tumbo chini yake, kisha mkia unapanda kushoto, magamba ya samaki, ua la mkorosho, macho. Mkono ulikuwa unajua njia. Shingo ikashuka chini kabisa karibu na magoti yangu, na kichwa kikawa cha mwisho.

Binti yangu akacheka. "Mama, mbona umemchora miguu juu?"

"Ndivyo alivyokuwa," nikasema. "Mimi nilikaa upande huu."

Akaichukua karatasi, akaigeuza taratibu. Tausi akasimama. Tulimtazama wote wawili, na kitu kimoja kilimpungua, nikakiona mimi, yeye asingeweza kukiona: yale macho ya kwenye mkia, mama aliyatia kitone kidogo pembeni, cha homa.

Nikafungua mbeleko. Nikampa mtoto wake.

"Shika," nikamwambia. "Bado sijamaliza. Na sufuria ya pili ya uji iko jikoni, mimi usiniulize."