Jumapili Niliyoshika Mti wa Antena

Mti wa mkaratusi ukilowa mvua hutoa harufu kali inayopanda puani kama dawa ya kikohozi. Nikiisikia hata leo, mabega yangu yanaanza kuuma. Mti ninaousema mimi haukuwa na majani. Ulikuwa umesimikwa kwenye shimo nyuma ya nyumba ya kina Protas, majirani zetu kwenye njia ya kwenda Sigalagala, mrefu kuliko paa, na juu yake palifungwa nyaya na vifuniko viwili vya sufuria. Hiyo ndiyo ilikuwa antena ya televisheni pekee ya kijiji chetu. Ulikuwa mti mkaidi. Ulitaka mtu wa kuushika, kuuzungusha kidogo kidogo mpaka picha ikubali kukaa, na kuukumbatia upepo ukija. Mtu huyo alikuwa mimi. Nilikuwa mrefu, nilikuwa na mikono ya kubeba maji, na nilikuwa nimeishia darasa la tano, kwa hiyo hakuna aliyeona hasara mimi kusimama nje.

Miaka ya tisini ndiyo kwanza ilikuwa inaanza. Mwaka huo, tangu mahindi yapandwe hadi yakaribie kuvunwa, kijiji kizima kiliugua mchezo mmoja wa televisheni uliokuja kila Jumapili jioni, watu wakishatoka kanisani na kula. Ulikuwa wa Kizungu na jina lake lilitushinda, basi tukauita Meno. Ulihusu wafu wanaotoka makaburini kunyonya damu ya walio hai. Wazee hawakushangaa sana. Walisema hao ni warogi wa usiku kama wetu tu, ila wa kwao wanavaa viatu. Tulijua ni msimu wa mwisho, kwa sababu Baba Protas, aliyefanya kazi kwenye kiwanda cha sukari na kusoma magazeti, alitangaza kwamba mahindi yakianza kukauka Meno itakwisha na haitarudi. Kulikuwa na mwanamume mmoja wa koti refu na kofia, tukamwita Chifu. Na kulikuwa na mwanamke aliyevaa nguo nyeupe kila siku, tukamwita Bibi Harusi. Huyu alikuwa mnyonya damu kama wenzake, lakini alikataa damu ya watu, akawa anakunywa ya mbuzi. Chifu alimwinda kwa mti uliochongwa, amchome moyoni. Swali la kijiji kizima, kisimani, kwenye kinu cha kusaga, hata kwenye uwanja wa mafahali ng'ombe wakipigana, lilikuwa moja tu: Bibi Harusi atapona ama hatapona?

Mwenye kiti cha kwanza mbele ya televisheni alikuwa Kukhu Rebeka, yaani Nyanya Rebeka, mama yake Baba Protas. Alikuwa ajuza mwenye jicho moja zuri na mdomo usiokuwa na breki, na Kiingereza hakukijua hata cha salamu. Kwa hiyo alitafutiwa mkalimani, na mkalimani akawa Lusike, mdogo wangu. Mdogo wangu, mtoto niliyembeba mgongoni. Lusike alikuwa darasa la sita na alikijua Kiingereza kama alizaliwa nacho. Alikaa kwenye kigoda miguuni pa Kukhu, juu ya zulia, akila njugu kutoka sahani ya Kukhu, akigeuza maneno ya wafu kuwa Kiluhya. Mimi nikawa nje. Dirisha lilikuwa na pazia, na nilichokiona ni mwanga wa buluu ukicheza juu ya kitambaa. Nilisikia milango ikilia, mbwa wakibweka kwa Kizungu, watu wakivuta pumzi kwa pamoja. Halafu sauti ya Lusike ilitoka dirishani, ya mtu mkubwa kabisa: "Zungusha! Zaidi! Rudisha! Hapo. Hapo hapo, dada, usisogee." Na mimi nilisimama hapo hapo.

Nilikuwa na wivu, na sioni kwa nini niuite jina lingine. Kuna watu wakinyimwa kitu husema sizitaki mbichi hizi. Mimi nilizitaka, mbichi na mbivu. Nilimwonea wivu kwa zulia, kwa njugu, kwa vile Kukhu Rebeka alivyomshika kichwa wakati wa kutisha. Usiku tulilala mkeka mmoja, na alipoanza kunisimulia niligeukia ukutani. Sikutaka cha kusimuliwa. Nilitaka kuona uso wa Bibi Harusi kwa macho yangu. Mama naye hakunionea huruma. Alisema, "Ayuma, wewe endelea kukumbatia mti wa watu kwenye mvua. Siku moja radi itakuja kukuposa." Na alikuwa na haki ya kusema, kwa maana Kakamega mvua haibishi hodi. Saa tisa mbingu inavimba, saa kumi inapasuka, na radi za kwetu hazina adabu.

Jumapili kabla ya ile ya mwisho, Mama Protas, mwenye nyumba, alitoka nje akanikuta nimelowa kama kuku aliyeangukia kisimani. Labda dhamiri ilimuuma. Alisema, "Wiki ijayo ni mwisho. Baba Protas atafunga huo mti kwa kamba, na wewe utaingia ndani ukae. Ila uoshe miguu." Mimi nilikwenda mtoni Jumamosi nikasugua miguu kwa jiwe mpaka nyayo zikawa nyeupe kama za mtoto mchanga. Jumapili niliisugua tena. Nilirudi nyumbani nikipitia kwenye nyasi ili nisikanyage udongo. Lusike alicheka, akasema, "Dada, unakwenda kuolewa na televisheni?" Nikamwambia afunge mdomo autunze, utahitajika.

Nikaingia. Baba Protas alikuwa ameufunga mti kwa kamba ya katani kwenye mparachichi, na betri ilikuwa imetoka kuchajiwa Sigalagala, imejaa. Mama Protas alitoa funguo, akafungua milango ya kabati la televisheni, akaondoa kitambaa kilichofumwa maua. Niliwekwa sakafuni karibu na mlango, lakini ndani, ndani kabisa. Na ikaja picha. Nilimwona Bibi Harusi. Hakuwa mrembo kama nilivyofikiri. Alikuwa na macho ya mtu aliyekosa usingizi, kama mama yangu wakati wa palizi, na nikampenda zaidi kwa hilo. Alikuwa amesimama kwenye ngazi, na Chifu alikuwa chini na ule mti wake. Hapo upepo ukaja. Tuliusikia ukipita juu ya mabati kama lori, kamba ikalegea, na picha yote ikawa chenga. Watu wote, watu wote wa nyumba ile, wakageuza shingo wakanitazama mimi. "Ayuma," Mama Protas akasema kwa sauti laini, "toka kidogo tu." Asiyekuwepo na lake halipo. Nilitoka na miguu yangu safi nikaikanyagisha kwenye tope.

Mvua ilikuwa inapiga kwa upande. Nilikumbatia ule mti kifuani, nikazungusha. "Zaidi!" Lusike akaita. "Rudisha! Hapo hapo, dada, usisogee!" Basi sikusogea. Nilikuwa nalia, lakini kwenye mvua machozi hayajulikani. Radi ikapiga mahali karibu sana, ardhi ikaruka chini yangu, na kabla masikio yangu hayajafunguka vizuri nikasikia ukemi kutoka ndani. Si kelele za kuogopa sinema. Ulikuwa ukemi wa msiba, ule mrefu wa wanawake wa kwetu, unaopanda na kuvunjika katikati, ambao mtu haupigi mpaka roho iwe imetoka. Kila mtu kijijini alijua kwamba radi hupita kwenye waya ikaingia ndani ya televisheni, na aliyekaa karibu zaidi na televisheni alikuwa Lusike. Niliuachilia mti. Nilisikia ukianguka nyuma yangu, vifuniko vya sufuria vikilia juu ya mabati, na mimi nilikuwa nishafika mlangoni nikiita jina la mdogo wangu.

Lusike alikuwa kwenye kigoda chake, mzima, mdomo wazi, njugu mkononi. Aliyekuwa akipiga ukemi ni Kukhu Rebeka. Alikuwa amesimama, mikono kichwani, akimlilia Bibi Harusi kwa sifa zote anazopewa mwanamke mwema akifa: kwamba alikuwa mpole, kwamba alivumilia, kwamba ameondoka bila mtoto wa kumzika. Chifu alikuwa amemchoma. Hilo ndilo la mwisho waliloliona, kwa sababu sekunde ile ile picha ilikuwa imekuwa chenga, na mti ulikuwa chini, na vifuniko vilikuwa vimepinda.

Lakini mambo hayakuishia hapo. Kwetu msiba hauulizwi njiani. Ukisikia ukemi unaacha ulichoshika, unakimbia ukilia, na habari za nani amekufa utazipata ukifika. Basi walikuja. Wanawake walikuja kwenye mvua na leso kiunoni, wakilia kutoka kwenye barabara. Mmoja alikuja na kuni kichwani, mwingine na kuku chini ya kwapa. Mama yangu alikuja akikimbia kuliko wote, kwa sababu watoto wake wawili walikuwa kwenye nyumba ile. Walijaa sebuleni, wakauliza, "Nani? Nani?" Na Baba Protas, mtu wa kiwanda, mtu wa magazeti, akakosa pa kuweka uso. Mwishowe akaonyesha televisheni kwa kidole. Mzee mmoja akasema, "Rebeka, umetuita tumzike Mzungu wa kwenye kabati?" Kukhu Rebeka hakuona aibu hata kidogo. "Kwani huyo si mtu?" akauliza. "Nimekaa naye tangu mahindi yapandwe. Wewe nimekaa nawe maisha yote na hujawahi kuniliza." Ikabidi chai ipikwe, maana mtu aliyekuja msibani harudishwi na koo kavu. Na yule mzee akasema machozi yakishatoka lazima yale kitu, yasije yakaenda kutafuta mtu wa kweli, basi yule kuku akachinjwa, tukala.

Nilikula nimesimama. Mama Protas alikuwa amenitazama mbele ya watu wote akasema, "Huyu ameuachilia mti makusudi. Wivu utakuja kumuua." Wengi waliamini. Mama yangu alinisogelea. Aliinama, akashika mguu wangu mmoja, akaufuta tope kwa leso yake, halafu akaufuta wa pili. Lusike naye alitazama sahani yake. Sikumwambia nilikimbia kwa ajili ya nani, na yeye hakuniuliza.

Wiki ile ile akaanza kusimulia mwisho. Kisimani, shuleni, njiani, watu walimzunguka, naye akawaeleza jinsi Bibi Harusi alivyokufa, jinsi alivyozikwa kwenye bustani ya maua, jinsi Chifu alivyotubu akalia juu ya kaburi. Alipewa mapera, alipewa vipande vya muwa. Hakuwa ameona hata kimoja cha hayo. Aliona chenga kama wengine wote, na mimi nilijua. Lakini mwamba ngoma huvutia kwake, na Lusike alikuwa na Kiingereza, mimi nilikuwa na tope. Nilisimama pembeni na mtungi wangu nikaona wivu tena, safari hii kwa uongo wake, jinsi ulivyokuwa mzuri.

Sasa mimi ni kukhu. Nilizaa mapema, binti yangu akazaa mapema, ndiyo maana nina mjukuu wa kumtuma na meno yangu yote bado yapo. Naye ni mjukuu wa kujivunia, nisikudanganye. Shantel ana akili za kugawa. Lakini nikimtazama amelala chali kwenye kiti, simu juu ya pua, akiangalia wafu wa kwake, roho inaniuma kama zamani. Wafu wanamngoja. Akitaka kwenda chooni anawagusa kwa kidole, wanasimama mdomo wazi mpaka arudi. Hakuna anayelowa. Hakuna anayeshika chochote. Siku moja nilimwambia kuhusu Meno, nikamweleza nguo nyeupe, koti, ngazi, na damu ya mbuzi. Alibonyeza, akauliza, akabonyeza. Jumapili iliyofuata akasema, "Kukhu, kuja uone. Si ni huyu?"

Nilimwambia angoje. Nilikwenda nikaosha miguu. Halafu nikakaa kwenye kiti, ndani, mvua ikipiga mabati, nikatazama. Macho yale yale ya kukosa usingizi. Ngazi ile ile. Chifu akapanda, akainua mti, akamchoma, naye akaanguka, na hapo ndipo Kukhu Rebeka, Mungu amrehemu, alipoweka mikono kichwani. Mimi nikaendelea kutazama. Na yule mwanamke akafungua macho. Akauvuta ule mti kutoka kifuani mwake kama mtu anayetoa mwiba, akautupa, akateremka ngazi, akafungua mlango, akatoka akakaa juani kama mama aliyemaliza kuanika mahindi. Jua halikumuunguza. Mchezo ukaisha. Kuishi kwingi ni kuona mengi: tulimlilia mwanamke mzima, na kuku wake tukamla.

Nilimpigia Lusike papo hapo. Yeye ni mwalimu huko Lugari, kwenye mashamba makubwa ya mahindi, na simu ya huko ina tabia za antena ya kina Protas. "Nimeona mwisho wa Meno," nikamwambia. "Wote. Ulivyoisha kweli." Halafu akacheka kile kicheko chake cha darasa la sita, akasema, "Dada, wacha. Aliishia wapi? Sema." Sauti yake ilikuwa inakatika. Nyuma yake nilisikia mvua.

"Sikusikii," nikasema. "Toka nje."

"Kunanyesha, dada."

"Toka kidogo tu."

Nikasikia mlango, nikasikia viatu vyake kwenye tope, nikasikia mvua ikimpiga na yeye akilalamika. Nikajinyoosha vizuri kwenye kiti.

"Hapo," nikamwambia. "Hapo hapo. Usisogee."